Eleazari chini ya tembo: alikufa sababu ya watu wake ao sababu ya jina lake?

Wazee wetu wanasema ya kwamba tembo wakipigana, majani ndiyo yanayoumia. Mezali hii inajulikana na kila mutu wa Lubumbashi, hata na mutoto asiyeona tembo hata siku moja. Lakini katika Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kuna habari ya mutu mumoja aliyekataa kuwa majani. Aliingia chini ya tembo, akamuua, na tembo akamuangukia. Habari yenyewe ni fupi sana, mistari ine tu katika sura ya 6. Tangu miaka zaidi ya 2 000 watu wanaisoma na kuulizana: mutu huyu alikufa sababu ya watu wake, ao alikufa sababu ya jina lake?

Ulizo hili si la zamani tu. Katika inchi yetu ya Katanga tuko na makaburi mengi ya watu waliosimama mbele ya nguvu yenye kuwapita, na mbele ya kila kaburi ulizo ni lile lile. Wengine wanasema: huyu alikuwa shujaa. Wengine wanasema: huyu alikuwa na kiburi. Ndiyo sababu tunataka kutazama habari ya Eleazari polepole, namna ilivyoandikwa, kisha tuirudishe kwetu.

I. Vita vya Bet-Zakaria

Tukumbuke kwanza wakati wenyewe. Wayuda walikuwa chini ya wafalme Wagriki wa Siria, waliokaa Antiokia. Katika mwaka 167 mbele ya Kristu, mufalme Antioko wa IV alikataza Wayuda kushika Sabato na kutahiri watoto wao, akachafua hekalu la Yerusalemu kwa sadaka za kipagani. Kuhani muzee mumoja wa kijiji cha Modini, jina lake Matatia, alikataa. Alikuwa na watoto wanaume watano: Yoane, Simoni, Yuda, Eleazari na Yonatani. Wote watano walishika vita, na wote watano waliuawa, mumoja nyuma ya mwingine. Eleazari ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa.

Yuda, aliyepewa jina la Makabayo, aliongoza jeshi. Mwaka 164 alirudi Yerusalemu akasafisha hekalu. Hata leo Wayuda wanakumbuka siku zile kwa sikukuu ya Hanuka, ya siku 8, na kila magaribi wanawasha taa. Taa hizo ziliwashwa hapa kwetu vilevile. Sinagoga ya Lubumbashi ilijengwa kati ya mwaka 1929 na 1930, wakati muji uliitwa Elisabethville, na Rabi Moïse Levy, aliyekuja mwaka 1937, aliongoza watu wake humo mupaka mwaka 1991. Kuna jambo la kushangaza: Wayuda wanashika sikukuu hiyo, lakini vitabu vya Wamakabayo havimo katika Biblia yao, sisi Wakatoliki tuko na vitabu, lakini sikukuu ile ya taa hatuna. Kitabu cha kwanza kiliandikwa kwa Kiebrania, maneno yake ya kwanza yakapotea, na tafsiri ya Kigriki ndiyo iliyotufikia. Hivi kila upande umechunga sehemu moja ya urizi ule ule.

Antioko wa IV alipokufa, mutoto wake Antioko wa V akawekwa mufalme. Alikuwa mutoto mudogo wa miaka karibu 9. Mutawala wa kweli alikuwa Lisia, mukubwa wa serikali. Katika mwaka 162 Yuda alizunguka ngome ya Wagriki iliyobaki ndani ya Yerusalemu. Lisia akakuja na jeshi kubwa, pamoja na yule mufalme mutoto. Kitabu kinahesabu askari wa miguu 100 000, wapanda farasi 20 000, na tembo 32 waliozoezwa vita. Flavio Yosefu, Muyuda aliyeandika historia ya taifa lake katika karne ya kwanza nyuma ya Kristu, anahesabu tembo 80. Hesabu za vita zinapenda kupanda kila mara zinaposimuliwa. Lakini tembo walikuwako, na mutu wa milima ya Yudea hakuwa na silaha ya kuwajibu.

Mwandishi anawaeleza tembo hao kama mutu aliyewaona kwa macho. Mbele ya vita walionyeshwa maji ya zabibu ili wawe wakali. Juu ya mugongo wa kila tembo kulifungwa munara wa miti, ndani yake askari, pamoja na Muhindi wa kumuongoza. Pembeni ya kila tembo walitembea watu 1 000 wenye kuvaa chuma, na wapanda farasi 500. Jua lilipopiga ngao zao, milima yote iling'aa.

Sisi watu wa Kongo tunajua tembo wa pori, lakini hata kwetu watu walijaribu kumufundisha tembo. Katika mwaka 1879 mufalme Leopoldo wa II wa Ubelgiji aliagiza tembo 4 toka India. Walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam, pamoja na Wahindi wa kuwaongoza, ili waende mupaka ziwa Tanganika; karibu wote walikufa njiani. Nyuma yake Wabelgiji walianza kufundisha tembo wa inchi yetu katika Uele, kwanza pale Api, kisha Gangala-na-Bodio. Tembo wale walivuta magari na kulima shamba. Yule wa Bet-Zakaria alifundishwa kukanyaga watu. Kwa hiyo tusione kazi ya Eleazari kuwa ndogo.

Eleazari, aliyeitwa Avarani, aliona tembo mumoja mwenye kupita wengine kwa urefu, mwenye kuvaa silaha za kifalme. Akawaza ya kwamba mufalme yuko juu yake. Kitabu kinatoa sababu mbili katika mustari mumoja: alitaka kuokoa watu wake, na alitaka kujipatia jina la milele. Akakimbia katikati ya kikosi, akiua kuume na kushoto, mupaka askari wakaachana mbele yake. Akaingia chini ya tembo, akamuchoma tumbo, akamuua. Tembo akaanguka juu yake, na Eleazari akafa pale pale.

Na kisha? Kisha tunasoma ya kwamba Wayuda, walipoona nguvu ya mufalme na ukali wa jeshi lake, waligeuka, wakaondoka. Siku ile walishindwa.

Tuangalie vizuri. Kitabu hakisemi ya kwamba mufalme alikuwa juu ya tembo. Kinasema Eleazari aliwaza hivyo. Flavio anaongeza ya kwamba juu ya tembo yule kulikuwa mutu wa kawaida tu. Na wokovu, je, ulitoka wapi? Ulitoka mbali. Nyuma ya vita Lisia alizunguka Yerusalemu, na ndani ya muji chakula kilikuwa kinaisha. Lakini alisikia ya kwamba Filipo, mushindani wake, amerudi Antiokia kushika utawala. Basi akafanya amani na Wayuda mbiombio, akarudi kwao. Tembo aliyekufa hakufungua muji. Uliofunguliwa ni sababu ya ugomvi wa wakubwa wawili, na Eleazari hakujua lolote juu yake.

II. Mababu wawili wa Kanisa hawasemi neno moja

Tulipoisoma habari hii pamoja katika darasa, mwenzetu mumoja alisema: "Basi alikufa bure." Mwingine akakasirika, akajibu: "Mutu anayetoa maisha yake hafi bure." Tuliachana saa ya chakula bila kupatana. Nyuma yake tulipata faraja, kwa maana tuliona ya kwamba watakatifu wawili walikwisha kuachana juu ya mambo yale yale.

Wa kwanza ni Ambrosi, askofu wa Milano. Karibu na mwaka 390 aliandika kitabu juu ya kazi na mwenendo wa wahudumu wa Kanisa. Alipotaka kuwaonyesha uhodari ni nini, alimutwaa Eleazari. Anamuonyesha akiacha ngao yake, akiingia chini ya nyama yule, na kuzikwa chini ya ushindi wake mwenyewe. Anasema tena ya kwamba maadui walishikwa na woga mbele ya uhodari wa mutu mumoja, wakaomba amani, na hivi amani ikawa urizi ambao Eleazari aliwaachia ndugu zake.

Wa pili ni Gregori Mukubwa, aliyekuwa Papa toka mwaka 590 mupaka 604. Katika maelezo yake marefu ya kitabu cha Yobu, anamutwaa Eleazari yule yule, lakini anageuza mufano. Kwake, Eleazari ni mufano wa mutu anayeshinda zambi, kisha anaanguka chini ya ushindi wake kwa kujivuna. Umeua tembo, lakini tembo uliyemuua ndiye anayekuponda. Ulishinda uvivu, ukajiona kupita wavivu. Ulishinda ulevi, ukazarau walevi. Basi umelala chini ya tembo.

Flavio Yosefu alikwisha kusema zamani neno kali zaidi. Yeye anaona ya kwamba hata kama mufalme angekuwa juu ya tembo, Eleazari hangeonyesha kitu kingine isipokuwa kuchagua kufa kwa tumaini la sifa. Tusisahau ya kwamba Flavio mwenyewe aliongoza vita kule Galilaya juu ya Waroma, na katika mwaka 67, muji wa Yotapata ulipoanguka, wenzake wengi walijiua, naye akajitoa mikononi mwa Waroma. Labda mutu aliyebaki muzima hivyo anaona kwa shida uzuri wa yule aliyekufa. Labda vilevile anajua jambo ambalo wafu hawawezi kutuambia.

Tusikimbilie kuuliza nani kati yao ana haki. Ambrosi anatazama mukono wa Eleazari. Gregori anatazama moyo wa yule anayesoma. Ambrosi anasema na watu wenye woga. Gregori anasema na watu waliokwisha kushinda. Mutu yule yule anaweza kuhitaji Ambrosi asubui na Gregori magaribi.

III. Namna gani kupima

Lakini sisi tunahitaji kipimo, kwa maana tutaitwa kuhukumu ao kufuata. Kitabu chenyewe cha Wamakabayo kinatupa kipimo, tukisoma sura iliyo mbele ya ile ya Eleazari.

Katika sura ya 5, Yuda na ndugu zake walikwenda kuokoa Wayuda wa Galilaya na wa Gileadi. Yuda aliacha wakubwa wawili, Yosefu na Azaria, wachunge inchi, akawakataza kupigana mupaka yeye arudi. Lakini wale wawili waliposikia sifa za wenzao, walisema: na sisi tujifanyie jina. Wakaenda kushambulia Yamnia. Wayuda karibu 2 000 walikufa siku ile. Mwandishi anawahukumu bila kuzunguka: hawakusikia Yuda, walitaka kufanya ushujaa.

Basi, Eleazari alitaka jina, na hawa vilevile walitaka jina. Tofauti ni nini? Tunaona maulizo matatu.

La kwanza: nani analipa? Eleazari alilipa mwenyewe, na mwili wake. Yosefu na Azaria walitafuta jina lao, na watu 2 000 wakalipa. Hapa mezali ya wazee inarudi: tembo wakipigana, majani yanaumia. Kiburi ni kutafuta sifa kwa deni ambalo wengine watalipa. Uhodari ni kujilipia.

La pili: ulitazama vizuri? Uhodari bila macho ni hatari. Eleazari aliwaza ya kwamba mufalme yuko pale, na hakuwako. Hatumuhukumu, kwa maana katika vumbi ya vita hakuna nafasi ya kuuliza. Lakini walimu wetu wanatufundisha, pamoja na Mutakatifu Tomasi, ya kwamba busara inaongoza fazila nyingine za msingi. Mutu hodari anayefunga macho anaweza kutoa maisha yake kwa tembo asiye na mufalme.

La tatu: jina linatoka wapi? Kutaka jina si zambi kwa yenyewe. Someni sura ya 11 na ya 12 ya kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya 11 watu wa Babeli wanajenga munara ili wajifanyie jina, na wanatawanyika. Katika sura ya 12 Mungu anamuambia Abrahamu ya kwamba Yeye mwenyewe atakuza jina lake. Ni jina lile lile, lakini huku linanyanganywa, kule linapewa. Jina ni kama urizi: ukilipora, ni wizi, ukilipewa, ni heshima.

IV. Kwetu Katanga

Sasa turudi nyumbani na maulizo haya matatu.

Kila musomaji wetu anajua jina la Msiri. Alitoka upande wa Unyamwezi, akajenga utawala wa Bayeke katika Garenganze, makao yake yakiwa Bunkeya. Katika mwaka 1891 wajumbe wa inchi huru ya Kongo ya Leopoldo wa II walikuja mumoja nyuma ya mwingine: Le Marinel, Delcommune, kisha Stairs, aliyefika Bunkeya katika mwezi wa Desemba. Wote walitaka jambo moja, Msiri akubali bendera. Msiri alikataa. Stairs akasimamisha bendera bila ruhusa yake, na Msiri akaondoka usiku kwenda kijiji cha Munema. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson na askari walimufuata huko. Maneno yakawa makali, Bodson akamupiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa na watu wa Msiri akafa. Mutoto wa Msiri, Mukanda-Bantu, alishika urizi, akakubali bendera ile ambayo baba yake aliikataa.

Uhodari ao kiburi? Kwa siku ile ya mwisho, tunaona uhodari. Alikataa kupewa bwana na watu ambao hakuwaalika, na alilipa na maisha yake. Lakini ulizo la kwanza linatulazimisha kurudi nyuma ya siku ile. Kwa miaka mingi walioilipia sifa ya Msiri walikuwa wengine: watu waliouzwa utumwa, watu waliouawa, ambao vichwa vyao wageni waliviona juu ya miti kuzunguka maboma yake. Wakati wazungu walipofika, Basanga walikuwa wamekwisha kusimama juu yake. Alipohitaji inchi isimame pamoja naye, sehemu ya inchi ilikuwa imechoka naye. Kiburi cha miaka yake kilimuacha peke yake katika siku ya uhodari wake. Bayeke wanamukumbuka kwa heshima, na ni haki yao. Sisi tunaomba tu ya kwamba wanaomusifu wasisahau Basanga, na wanaomulaumu wasisahau Munema.

Nyuma ya miaka 50, karibu siku kwa siku, mambo mengine yalitokea katika muji wetu wenyewe. Ilikuwa wakati wa vita vya ulimwengu. Union Minière ilitoa shaba kwa nguvu zote, bei ya vitu ilipanda, na mushahara wa wafanyakazi haukutosha. Katika mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi weusi waliacha kazi, wakaomba mushahara upandishwe. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mupira cha Elisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja pale pamoja na askari. Karani mumoja, Léonard Mpoyi, alisema kwa jina la wenzake. Watu waliambiwa watawanyike, wakakataa, na askari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa pale, pamoja na makumi ya watu. Hesabu ya serikali na hesabu ya wenye kukumbuka hazikupatana hata siku moja. Nyuma ya miaka 30 na zaidi, mupiga picha wetu Tshibumba Kanda Matulu alichora mauaji yale katika picha zake za historia ya inchi, kwa sababu watu walikuwa hawajaacha kuyasimulia.

Wakubwa wa wakati ule waliona kiburi: mutu mweusi anasimama mbele ya gavana na kujibu! Hapa tunajifunza kitu ambacho habari ya Eleazari peke yake haikutuonyesha. Mwenye nguvu anapenda kuita uhodari wa mudogo kiburi. Neno "kiburi" katika mudomo wa bwana mara nyingi linamaanisha tu "hakuinama". Basi tupime na maulizo yetu. Mpoyi aliomba nini? Hakuomba jina; aliomba mushahara. Alitazama? Ndiyo, alijua bei ya unga na kitambaa kuliko gavana. Nani alilipa? Yeye alilipa, na wengine walilipa pamoja naye. Hapo ndipo moyo wetu unauma, kwa maana wanawake waliobaki wajane hawakuulizwa. Lakini wale wanaume hawakuongozwa kama kondoo wasiojua njia. Walikaa pale kwa sababu shida ilikuwa yao wote. Damu yao iko juu ya yule aliyeamuru risasi, si juu ya yule aliyesema neno.

Mufano wa tatu hautoki Katanga, lakini ni wa Kongo yote. Masista wa Jamaa Takatifu walishikwa na Simba na kupelekwa Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, ambaye hakutimiza bado miaka 25, alikataa kulala na mukubwa wa askari. Koloneli Olombe akamuua. Mbele ya kufa alimuambia ya kwamba anamusamehe. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yoane Paulo wa II alimutangaza Mwenye Heri pale Kinshasa, naye Papa vilevile alitoa musamaha kwa muuaji.

Anuarite hakuua tembo. Hakuwa na mukuki, na wala hakutafuta tembo. Tembo ndiye aliyemutafuta. Lakini tuone tofauti kubwa: hakuna zarau katika kukataa kwake. Mutu wa kiburi anakataa ili amushushe mwenzake. Anuarite alikataa na bado alitaka mema ya yule aliyemupiga. Nafikiri Gregori angefunga kitabu chake mbele yake. Ni nani anayeweza kusema ya kwamba ushindi huu ulimuponda?

V. Tembo wa nyumbani

Tumesema juu ya watu mumoja mumoja. Lakini kuna kiburi cha kundi zima, na hicho ni kibaya zaidi, kwa sababu ndani yake kila mutu anajiona munyenyekevu. Anasema: mimi si kitu, lakini kabila langu! Katika mwaka 1992 na 1993 tuliona tunda lake. Jamaa elfu nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Watu walilala siku na siku kwenye stesheni za gari la moshi wakingojea kupelekwa inchi ambayo watoto wao wengi hawakuiona bado. Watoto walikufa pale. Wale waliofukuza waliambiwa ya kwamba wanafanya ushujaa. Tupime tena. Nani alilipa? Si wenye kuhubiri katika mikutano. Walitazama? Waliambiwa ya kwamba adui yuko juu ya tembo, na juu ya tembo kulikuwa jirani, mwalimu wa shule, mutengenezaji wa mashine. Na jina? Lilikuwa la kunyanganya.

Walikuwako vilevile wengine wenye kuficha jirani ndani ya nyumba zao. Majina yao hayakuandikwa mahali popote. Hao ndio tunaowaita wahodari, na hatuna sanamu ya kuwajengea. Labda ni vizuri hivyo. Jina lao liko mahali ambapo jina la Abrahamu lilitoka.

Wandugu wasomaji, hasa ninyi vijana wa seminari: siku moja tembo atakuja na kwenu. Labda hatakuwa na munara juu ya mugongo. Labda atakuwa mukubwa mwenye kuomba musaini karatasi ya uongo, ao kundi la watu wenye kupiga makofi wakiwaomba museme neno la chuki. Siku ile musiwe majani, na musikimbie pamoja na wale waliogeuka Bet-Zakaria. Lakini mbele ya kuingia chini ya tumbo lake, mujiulize kwa haraka: ni mimi ninayelipa, ao ni mwenzangu? Ninaona mufalme, ao ninawaza tu? Jina hili ninalipewa, ao ninalinyanganya?

Na kama tembo ameanguka, na ninyi mungali wazima, mutoke chini yake upesi. Musikae pale kujisifu. Ni muzito.